Yule wa Jana Yuko Wapi?

Leo nataka tuanzie mahali ambapo wengi wenu mmepita, na ambaye hajapita basi amewahi kuagiza kitu kikaletwa kutoka huko: Kariakoo.

Juzi asubuhi nilikuwa Mtaa wa Kongo natafuta kifaa cha redio yangu ya nyumbani, maana hata mtu wa redio, redio humharibikia. Nyuma yangu nikasikia sauti: "Mzigo! Mzigo huo, mzee!" Nikaruka pembeni. Akapita kijana amebeba belo la mitumba mgongoni, shingo imemwinama, jasho linadondoka puani, macho yako chini yanatafuta pa kukanyaga kati ya dimbwi la maji na viatu vilivyopangwa juu ya turubai. Uso wake sikuuona. Ukimtazama mtu aliyebeba belo, unaona belo na miguu.

Alipolitua mlangoni mwa duka, akashika kiuno, akavuta pumzi. Nikamsogelea. "Kijana, unajua kwa nini hapa panaitwa Kariakoo?" Akacheka. "Mzee, si jina la soko tu?"

Hakukosea. Ni jina la soko. Lakini kabla ya kuwa jina la soko lilikuwa jina la watu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika huku kwetu, Waingereza walikuwa na kikosi walichokiita Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ulimi wetu ukalitengeneza jina hilo likawa Kariakoo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam, Septemba 1916, wapagazi waliwekwa kambi pale pale lilipo soko leo. Nairobi nako kambi yao iliacha jina, na wenzetu wa huko wanalitamka Kariokor. Miji miwili, masoko mawili, na kila siku tunawataja wapagazi wale tukiwa tunatafuta bei ya shuka.

Wasikilizaji, leo nataka tumzungumzie mwanamke aliyeingia katika mabanda ya hao wapagazi wakati wanaumwa na kufa, akakaa nao. Alikuwa mtawa wa Kikatoliki kutoka Italia, Sista Irene Stefani. Watu wa Nyeri, Kenya, walimpa jina lao wenyewe. Walimwita Nyaatha. "Tha" kwa Kikuyu ni huruma, na Nyaatha ni mama mwenye huruma. Jina hilo nitalirudia.

Kwanza vita yenyewe, maana huyu mama ukimtoa katika vita ile anabaki picha ya ukutani. Vita ya Afrika Mashariki, kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918, ilipiganwa kwa sehemu kubwa mahali pasipo na barabara, na mbung'o waliwamaliza farasi, punda na ng'ombe wa jeshi. Aliyebaki wa kubeba ni binadamu. Risasi, unga, mahema, dawa, hata sanduku la nguo za ofisa, vyote vilipanda kichwani, kilo 25 hivi kwa kila mtu, kutwa nzima, kwa miguu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliopita katika vita ile walikaribia milioni moja. Walitoka Ukambani, Nyanza, milima ya Wakikuyu, Uganda, Unyamwezi, na pwani yote. Wapo waliojiandikisha kwa hiari, lakini wengi walikamatwa. Chifu aliletewa idadi, naye akatoa idadi.

Na waliokufa? Hesabu za serikali zenyewe zinapita 95,000, na wanahistoria wanatuambia kuwa hesabu hizo ni pungufu. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao haukuiva, uliowachana matumbo watu waliozoea ndizi au wimbi. Mtu akitolewa kwenye baridi ya milimani akashushwa Rufiji wakati wa masika, hana blanketi, chakula ni nusu, utamtarajia arudi?

Pale katikati ya jiji la Dar es Salaam, Barabara ya Samora, kuna ile Sanamu ya Askari. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi, tena kwa heshima, lakini yanawataja kwa jumla. Jina hata moja hamna. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu 116,000 kwa uchache, na huenda wengi zaidi ya hao, waliokufa katika utumishi wa himaya ya Uingereza katika vita ile hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla ya kukiri hivyo. Basi hao ndio watu ambao Sista Irene alikwenda kuwahudumia.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kando ya Ziwa Idro, mkoa wa Brescia, kaskazini mwa Italia. Wazazi wake walimwita Aurelia Mercede. Ilikuwa familia ya watoto wengi, na mama yao alipofariki, Mercede akiwa bado binti, sehemu kubwa ya malezi ya wadogo zake ilimwangukia yeye. Mwaka 1911 alikwenda Torino kujiunga na Masista Wamisionari wa Consolata, shirika changa lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake na Padri Giuseppe Allamano. Padri huyo alitangazwa mtakatifu Oktoba 2024. Mercede akapewa jina la Irene, akaweka nadhiri Januari 1914, na mwisho wa mwaka huo akapanda meli. Januari 1915 alitua Mombasa. Alikuwa na miaka 23.

Alifikiri amekuja kufundisha dini na kutembelea vijiji, na ndivyo alivyoandaliwa. Vita ikamwahi. Masista wa Consolata waliombwa wasaidie katika hospitali za wapagazi, naye akawa mmoja wa waliotumwa: kwanza Voi, na baadaye, vita ilipohamia kusini, Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam.

Tukisema "hospitali", msikilizaji, usifikirie vitanda na mashuka. Fikiria banda refu la nyasi. Wagonjwa wamelala chini, wamepangwa bega kwa bega. Wenye kuhara hawana nguvu ya kutoka nje. Wenye vidonda vya miguu, vile vidonda vya kutembea wiki nzima na mzigo na funza wamejaa vidoleni, wamefungwa vitambaa ambavyo havijabadilishwa. Harufu inakupokea kabla hujafika mlangoni. Ndani ya banda hilo lugha zinagongana: huyu Mkamba, huyu Mjaluo, huyu Mganda, huyu Myao. Kinachowaunganisha ni Kiswahili cha kambini, cha maneno machache: maji, njaa, inauma, nyumbani. Sista yule alijifunza hicho Kiswahili pale pale, mdomoni mwa wagonjwa.

Kazi yake ilikuwa ya mikono. Aliosha vidonda, alilisha walioshindwa kuinua kijiko, alisafisha waliojichafua. Masista waliofanya kazi naye walisimulia kwamba alikuwa halali mpaka apite tena kuwaangalia waliokuwa hoi. Katika masimulizi hayo kuna moja la Kilwa Kivinje ambalo, kila nikilikumbuka, linanikalia kooni.

Kivinje mnaijua, wale wa kusini. Maji yakipwa, yanakwenda mbali kabisa, unabaki na tope na mikoko. Yakijaa, yanarudi mpaka kwenye miti. Wakati wa vita, wagonjwa walikuwa wakifa kila siku, na maiti wakipelekwa ufukweni. Siku moja Sista Irene aliingia bandani akakuta nafasi ya mgonjwa mmoja iko wazi. Jana yake alikuwa amezungumza naye, na alikuwa amemwahidi kurudi. Akauliza aliko. Akaambiwa amekufa, ameshatolewa pamoja na wengine.

Mtu mwingine angeishia hapo. Vita ni vita, watu wanakufa, banda limejaa, mgonjwa mwingine anasubiri nafasi. Sista alishuka ufukweni. Maiti walikuwa wamelazwa pale, mmoja juu ya mwingine. Akaanza kuwapitia kwa mikono yake, mmoja mmoja, akiwageuza, akimtafuta mtu wake. Akampata. Alikuwa anapumua.

Akamtoa katikati ya maiti, naye akarudishwa bandani.

Msikilizaji, lipime tukio hilo. Jeshi zima la himaya lilikuwa na madaftari, makarani na maofisa, na katika madaftari hayo mtu huyu alikuwa ameshafutwa. Kilichomrudisha ni swali fupi la mwanamke mmoja ambaye, kwa maneno yangu mimi, aliuliza: yule wa jana yuko wapi? Na hakukubali kujibiwa kwa jumla.

Nikiulizwa maisha ya Sista Irene yalikuwa na maana gani, nitataja hilo. Wapo watawa waliojenga hospitali kubwa na shule zenye ghorofa, na Mungu awalipe. Huyu hakuacha ghorofa. Aliacha tabia ya kuuliza habari za mtu mmoja, kwa jina lake, wakati kila mtu mwingine ameshahesabu na kufunga daftari.

Lakini tusiende mbio. Najua kuna msikilizaji ananiuliza sasa hivi, na ana haki ya kuuliza: je, huyu si alikuwa anabatiza watu wanaokufa? Ndiyo. Alifundisha dini mabandani, na aliwabatiza wengi, wengine saa zao za mwisho. Hata yule wa ufukweni, kwa masimulizi hayo hayo, alibatizwa. Kwa Sista, hiyo ndiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko dawa. Kwa mtu wa leo, hasa asiye Mkristo, linabaki swali: mgonjwa aliye hoi, mbali na kwao, anayelishwa na mtu kwa kijiko, akiulizwa kama anataka dini ya anayemlisha, ana uhuru kiasi gani wa kukataa? Swali hilo ni zuri, na halifutwi kwa kusema kwamba Sista alikuwa na nia njema. Misioni zilikuja wakati mmoja na ukoloni, zikapanda meli zile zile. Tunaweza kulisema hilo wazi na bado tukakumbuka kwamba siku ile, kati ya watu wote waliokuwa na mamlaka Kivinje, aliyeshuka ufukweni alikuwa yeye.

Na lipo swali la pili, zito zaidi. Sista Irene hakuipinga vita. Hatuna habari kwamba aliandika barua kwa gavana kudai wapagazi walipwe, wavikwe, warudishwe kwao. Alifunga vidonda ambavyo serikali ile ile ilikuwa ikivitengeneza kila siku. Je, huruma ya namna hiyo si inamsaidia mkosaji? Nimelifikiria sana. Jibu langu ni hili: huruma haiwezi kukaa mahali pa haki, lakini mara nyingi ndiyo inayotunza ushahidi ambao haki itauhitaji baadaye. Leo hii tunajua jinsi maiti wa wapagazi walivyotupwa ufukweni Kivinje, kwa sehemu, kwa sababu mtawa mmoja alikwenda kumtafuta mgonjwa wake na wenzake wakasimulia. Asingekwenda, tungebakiwa na tarakimu.

Vita ikaisha. Mwaka 1920 Sista Irene alipelekwa Gikondi, misioni iliyo katika milima ya Mukurwe-ini, Nyeri. Akakaa huko miaka 10, mpaka kifo chake.

Waliopita Nyeri wanajua nchi ile ilivyo: mgongo wa mlima, bonde, mto, mgongo mwingine, bonde jingine. Nyumba unayoiona ng'ambo, unaweza kuitana nayo kwa sauti, lakini kuifikia ni nusu saa ya kushuka na nusu saa ya kupanda. Sista alifundisha shule, na mchana akitoka darasani alikwenda kwa miguu, mgongo kwa mgongo, nyumba kwa nyumba. Kama mtoto hakuja shule, alimfuata kwao. Kama mama amejifungua, alifika. Kama mzee anaumwa, alifika. Watu walimzoea njiani kiasi kwamba hata wale ambao hawakutaka dini yake walimsalimu kwa jina walilompa wenyewe. Na jina la kupewa na watu, ndugu zangu, haliombwi wala halinunuliwi. Watu wanakutazama mwaka, miaka miwili, halafu siku moja unasikia wanakuita. Yeye wakamwita Nyaatha.

Sasa niwaonyeshe jambo moja la Gikondi ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote, ingawa linaonekana dogo. Kuanzia mwaka 1920 au karibu na hapo, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikisha miaka 16 alitakiwa awe na kipande. Kilikuwa karatasi yenye alama za vidole na habari za ajira, imetiwa ndani ya kikopo cha bati, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Bila kipande, polisi anakukamata. Ukitoroka kazi, kipande kinakufuata. Ndicho mwanaharakati Harry Thuku alichokipigia kelele; alipokamatwa, watu wakakusanyika Nairobi Machi 1922 kudai aachiliwe, wakapigwa risasi. Vijana wa Gikondi nao walivaa vikopo hivyo, wakaondoka kwenda kutafuta fedha za kodi: Nairobi, Mombasa, mashamba ya walowezi. Waliobaki nyumbani ni wazazi wao, wasiojua kusoma wala kuandika.

Nyaatha akawa karani wao. Mama anakuja misioni, au Sista anamkuta nyumbani kwake, wanakaa, mama anasema na Sista anaandika. Hebu tumfikirie mama mmoja wa namna hiyo. Amekaa kwenye kigoda, ameegemea ukuta wa udongo, anaongea na karatasi kana kwamba mwanawe yumo ndani yake. Mwambie mbuzi yule mwekundu amezaa mapacha. Mwambie mdogo wake ameota jino. Mwambie baba yake anakohoa, lakini usimtishe. Mwambie fedha ya kodi ilifika. Halafu ananyamaza kidogo, anasema: muulize anakula nini huko. Kalamu inaandika yote. Barua inakunjwa, inakwenda zake Nairobi, inamtafuta kijana ambaye kwa mwajiri wake ni kipande chenye namba, na inamwita kwa jina alilopewa na bibi yake.

Karatasi mbili, wasikilizaji. Moja imo ndani ya bati shingoni, inasema wewe ni wa nani kikazi. Nyingine imo mfukoni, inasema wewe ni wa nani kweli. Sista Irene alikaa miaka 10 akiandika ile ya pili. Ni swali lile lile la Kivinje, safari hii linaulizwa kwa wino: yule wa jana yuko wapi, anakula nini, atarudi lini?

Ikafika mwaka 1930. Tauni iliingia Gikondi, ule ugonjwa unaoletwa na viroboto wa panya, na wakati ule dawa yake haikuwepo. Mwalimu mmoja wa pale akashikwa. Waliosimulia wanasema mwalimu huyu hakuwa rafiki wa Sista. Alikuwa amempinga na kumsema vibaya. Sista alionywa asikaribie. Akakaribia. Alimhudumia mpaka akafa, na wanasema alifia mikononi mwake. Siku chache baadaye homa ikampanda yeye. Tarehe 31 Oktoba 1930 akaaga dunia, akiwa na miaka 39. Watu wa Gikondi wakasema yao: huyu hakuuawa na ugonjwa, ameuawa na upendo.

Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo, kaburini, na wazee wachache wangebaki wakilikumbuka jina mpaka nao waondoke. Hii ikachipukia mahali ambapo hakuna aliyepategemea. Januari 1989, huko Nipepe, mkoa wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, nchi ya Wamakua, ndugu za Wamakua wetu wa Masasi na Tunduru, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa ikiwaka. Makatekista walikuwa mafunzoni na padri wao. Waasi wakavamia. Watu zaidi ya 200 wakakimbilia kanisani, wakafungiwa humo kwa siku kadhaa, joto kali, maji hamna ila yale machache yaliyokuwemo katika kisima cha ubatizo kilichochongwa kutoka gogo la mti. Padri na watu wake wakamwomba Sista Irene awaombee kwa Mungu. Waliotoka wakashuhudia kwamba waliyanywa maji yale, watoto wakanywa, na mtoto wa kike aliyezaliwa mle ndani akaoshwa kwa maji hayo hayo, na hayakwisha. Mtoto akaitwa Irene.

Kanisa lilichunguza kwa miaka, likahoji mashahidi, na Juni 2014 Papa Fransisko akaidhinisha kwamba ni muujiza. Unaweza kuamini, unaweza kutoamini, redio haikulazimishi. Mimi nimeguswa na jambo jingine: kilichokumbukwa kule Nipepe ni maji ya kunywa. Yule aliyewapa maji wapagazi katika mabanda ya Lindi na Kilwa anakumbukwa, miaka 70 baadaye, ng'ambo ya Ruvuma, kwa maji ya watu waliofungiwa na vita nyingine.

Tarehe 23 Mei 2015, Nyeri, katika viwanja vya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, mbele ya umati mkubwa, Sista Irene alitangazwa mwenyeheri. Ilikuwa mara ya kwanza ibada ya namna hiyo kufanyika katika ardhi ya Kenya. Aliyeiongoza kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Polycarp Pengo, wakati huo Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Sijui kama kuna aliyelipanga hilo kwa makusudi, lakini mji wa Kariakoo ulimtuma mtu wake kwenda kumshukuru.

Hajabaki peke yake. Shirika lake lilimtoa pia Sista Leonella Sgorbati, aliyefundisha wauguzi Kenya kwa miaka mingi, kisha akaenda Mogadishu kuanzisha shule ya uuguzi wakati ambapo wengi walikuwa wanatoka huko. Tarehe 17 Septemba 2006 alipigwa risasi akitoka hospitalini kuvuka barabara kwenda nyumbani. Mlinzi wake, Mwislamu, baba wa watoto wanne, alijitupa kumkinga akafa naye. Waliokuwa karibu walimsikia Sista akisema mara tatu kwamba anasamehe. Mwaka 2018 naye alitangazwa mwenyeheri. Mkristo na Mwislamu, damu yao ilimwagika pamoja barabarani. Wanaotaka kutugombanisha huwa hawapendi kuisimulia hiyo.

Lakini tusiwaachie watawa wa Ulaya peke yao. Tembea leo zahanati za misioni za Ruvuma, Kagera, Meru, Kivu. Atakayekufungulia mlango saa 8 za usiku, taa ya mkononi, kanga juu ya vazi la kitawa, ni binti wa Kingoni, wa Kihaya, wa Kimeru, wa Kishi. Haandikwi magazetini. Anajua mama yupi ana mimba ya ngapi, mzee yupi hajaja kuchukua dawa zake za presha, na asipomwona wiki mbili anamtuma mtoto akaulize. Nyaatha aliishi Gikondi kwa namna hiyo hiyo. Namna ile imeshakuwa yetu.

Nikimaliza, wasikilizaji, niwaungamie jambo. Nimekaa naandaa mazungumzo haya siku nne. Nimewaeleza habari za wapagazi walioandikwa kwa tarakimu, nimewalaumu waliojenga sanamu bila majina, nimemsifu mwanamke aliyeuliza habari za mtu mmoja mmoja. Jana usiku, nikiwa naisoma karatasi yangu mara ya mwisho, ndipo nikastuka. Yule kijana wa Mtaa wa Kongo, niliyemsimamisha amechoka nikampa somo la historia kuhusu jina la soko, nilimuuliza maana ya Kariakoo. Yeye mwenyewe anaitwa nani, sikumuuliza.

Kesho asubuhi nina safari ya Kariakoo. Kifaa cha redio bado sijakipata.